Panda Ulichopanga

Ghalani, tarehe 6 Februari

Mpwa wangu Kwanini,

Salamu hizi zikukute umekaa, maana ni nyingi. Mimi mzima. Mgongo unalalamika, lakini huu mgongo ulizaliwa ukilalamika. Vipi mama yako, bado anafunika redio kwa kitambaa kana kwamba itapata mafua? Goti la bibi yako je? Na mdogo wako, amekubali kunyoa zile ndevu tatu?

Simu yangu iliangukia kwenye pipa la unga na haijasema neno tena. Sisikitiki. Kwenye simu mimi hujibu "ndiyo, ndiyo" kabla sijasikia swali. Barua inanilazimisha kukaa chini.

Chumbani tuko watatu: mimi, Kijiko, ambaye ni mwembamba lakini hubeba kuliko wote, na Waziri, ambaye hubeba kidogo na kuzungumza sana. Kazi ni ile ile. Unga unatoka kinuni, tunaupanga ghalani, tunaupakia kwenye malori. Nimewaambia wote kwamba mpwa wangu ana shahada ya uzamivu, kwamba mwaka huu anakuwa mhadhiri wa kudumu, na kwamba akitoka hapo ni profesa. Sasa wananiita Mjomba Chuo, hata nyapara.

Waziri akaniuliza, "Hasa hasa amesomea nini?" Nikasema, amesomea namna vitu vinavyorundikana na kuporomoka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Miaka yote hiyo? Angekuja hapa wiki moja tu." Jibu lake nimekuachia wewe. Nitumie.

Nina jambo jingine. Unajua desturi yetu hapa. Mgeni akija haulizwi alifanya kazi wapi, na akianza kujieleza tunamwambia ahifadhi pumzi. Anapewa magunia apange rundo lake. Chai ikifika saa nne anaambiwa, "Panda ulichopanga." Anapanda mpaka juu na kikombe chake, anakaa, anakunywa. Chai ikimwagika, anabomoa na kuanza upya. Hata nyapara alipitia hapo, na sisi wazoefu bado tunanywea chai huko juu. Sasa, tangu Desemba wametuletea magunia mapya ya plastiki, yanang'aa kama viatu vya bwana harusi, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili chai yangu imemwagika. Nyapara anasema tumezeeka. Wewe uliyesoma, sema: tumezeeka?

Na uniambie ni lini unaanza huo uhadhiri, niwaambie watu tarehe.

Mjomba wako, mwenye unga masikioni


Nyumbani, tarehe 27 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama aliikung'uta barua yako mlangoni akasema, "Kaka yangu huyu, hata salamu zake unaweza kuzikanda." Redio bado imefunikwa. Goti la bibi limetabiri mvua mara mbili na kukosea mara mbili, lakini bado analiamini kuliko redio. Ndevu za mdogo wangu zimefika tano na anazichana.

Mwambie Waziri amesema nusu ya kweli. Kwa wiki moja angejua kwamba rundo limeanguka. Mimi nilisoma ili nijue litaanguka wakati bado limesimama.

Hamjazeeka. Nashuku magunia, lakini kushuku si kujua, kwa hiyo nisaidie. Tafuta ubao wenye urefu wa hatua mbili. Funga gunia moja juu yake kwa kamba lisisogee, kisha weka la pili juu ya hilo la kwanza. Inua ncha ya ubao polepole mpaka gunia la juu lianze kuteleza, halafu pima ncha imeinuka shibiri ngapi kutoka sakafuni. Fanya mara tano kwa magunia ya zamani ya katani na mara tano kwa haya mapya. Apime mtu mmoja tu, mkono uwe ule ule.

Kuhusu chuo, mambo yanaendelea. Nina mitihani mia tatu na kumi ya kusahihisha. Naisahihishia kwenye ngazi za jengo. Ngazi zina hewa nzuri.

Mpwa wako


Ghalani, tarehe 20 Machi

Profesa wangu,

Hatujambo sote, na tunajivuna. Jaribio lako limefanyika mbele ya watu kumi na wanne na paka wa ghala.

Mkono wa kupimia ni wa Kijiko, maana vidole vyake ni virefu. Magunia ya katani yalisubiri mpaka shibiri nne na nusu ndipo yakateleza. Haya mapya, shibiri nne. Nyapara akasema, "Mmeona? Tofauti ni ndogo. Ni nyinyi." Imetuuma, lakini ukweli ni ukweli, nimekuandikia kama ulivyo.

Ujue kwamba kazi ilifanywa kwa heshima. Tulichagua magunia mapya mazuri kuliko yote, Waziri akayapangusa kwa kitambaa chenye maji, tukayaanika, tukapangusa tena. Hatuwezi kumpelekea mtu mwenye shahada ya uzamivu majibu ya magunia machafu.

Basi, tumezeeka. Usiwe na wasiwasi. Tarehe ya uhadhiri hukuiandika, nadhani ulisahau.

Mjomba Chuo


Nyumbani, tarehe 8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako kwa sauti mezani. Nilipofika kwenye kitambaa chenye maji, nilicheka mpaka bibi akauliza nani amefiwa.

Mjomba wangu, mmeosha jibu lenyewe. Ghalani magunia hayapangwi yakiwa safi. Yana vumbi la unga, na vumbi la unga juu ya plastiki ni kama punje za mtama sakafuni, ukizikanyaga unaondoka. Kwenye katani vumbi linajificha ndani ya nyuzi. Rudieni, tafadhali, kwa magunia machafu, yale yale mnayoyalaani. Na uniambie yana alama gani na yameshonwa kiwanda gani.

Sasa la pili. Umeniuliza tarehe mara mbili na mimi nimelipita swali kama mtu anayepita dirishani kwa jirani anayemkwepa. Tarehe haipo, Mjomba. Nafasi ya kudumu ilitangazwa moja, tuliomba watu arobaini na saba, na aliyeipata anastahili. Mimi ni mhadhiri wa muda kwa mwaka wa tatu sasa. Kwenye ngazi nasahihishia kwa sababu sina meza.

Siku ile ya kuhitimu tulivaa majoho watu saba. Ni mimi peke yangu niliyebaki chuoni. Aliyesomea wadudu anazunguka mashambani akiwaonyesha wakulima namna ya kuhifadhi nafaka. Wa hesabu yuko kwenye bima. Aliyesomea lugha anaandika yale maelezo ya ndani ya boksi la dawa, ili mgonjwa ayaelewe bila kuuliza jirani. Wote wananiambia wanalala vizuri. Lakini sisi wahadhiri wa muda tuliobaki kwenye ngazi tunawataja kwa sauti ya chini, kana kwamba wamepatwa na msiba. Siku hizi nimeanza kujiuliza msiba uko upande gani.

Mpwa wako


Ghalani, tarehe 29 Aprili

Kwanini,

Tumerudia. Magunia yaliyotoka moja kwa moja sakafuni, na unga wake. Shibiri mbili. Mara nne mbili kamili, ya tano mbili kasoro kidole. Nyapara akainua ubao mwenyewe, gunia likamshukia kifuani. Kisha akasema nipunguze maneno, ingawa sikuwa nimesema kitu.

Alama yake ni tausi wa bluu, na jina la kiwanda na anwani nimekunakilia nyuma ya karatasi hii.

Tumemwomba tajiri, mwenye ghala, vichaga vya mbao vya kupangia magunia na marundo mafupi mpaka jambo lieleweke. Amesema atafikiria.

Yale ya chuo sikuyasoma vizuri, taa yetu ni hafifu. Mvumilivu hula mbivu. Subiri mwaka mmoja.

Mjomba


Nyumbani, tarehe 2 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa yanayofuata.

Kwetu wazima. Mdogo wangu amenyoa, kuna msichana aliyesema neno. Bibi anasema kidevu chake kinafanana na chako.

Niliwaandikia watu wa kiwanda cha tausi. Sikuomba kazi. Niliwaambia tu kwamba magunia yao yanateleza, nikaweka shibiri zako zote na jina la Kijiko kama mpimaji. Baada ya wiki mbili wakaniita.

Unajua nimeshawahi kwenda kwenye usaili wa namna hii mara mbili. Mara zote mbili nilieleza tasnifu yangu kwa dakika arobaini. Wa kwanza walitazama saa. Wa pili walitazama dirisha. Safari hii nilikuwa nimekaa nje ya mlango, makaratasi mapajani, nikakumbuka ghala lenu. Mgeni haelezi, anapanga.

Nilipoingia kulikuwa na watu watatu. Meneja, baba mmoja mwenye tai fupi, akasema, "Tueleze habari zako." Nikasema, "Naomba magunia yenu mawili, unga kikombe kimoja na ubao." Wakaangaliana. Vikaletwa. Nilimwomba meneja mwenyewe ainue ubao. Alipofika shibiri mbili, gunia likamteremkia kwenye viatu. Viatu vyeusi, Mjomba, na unga ni mweupe. Akavipangusa, kisha akasema, "Haya. Tufanyeje?" Tangu nivae joho, hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa na mtu aliyetaka jibu.

Wamenipa kazi. Mtafiti, nitafute namna ya kufuma gunia lisiloteleza. Kuna meza. Kuna mashine ya kufumia naruhusiwa kuisimamisha.

Wiki hiyo hiyo chuo kikaniandikia: mwaka mwingine wa muda, ngazi zile zile. Wote wanataka jibu kabla ya mwisho wa Juni.

Mimi moyo wangu unajua unakotaka. Lakini wewe ndiye uliyenibeba mabegani siku ya kwanza ya shule kwa sababu nilikuwa na kiatu kimoja. Umewaambia watu wote kwamba nitakuwa profesa. Siwezi kwenda bila neno lako. Niandikie, hata mstari mmoja.

Mpwa wako


Nyumbani, tarehe 28 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua haijaja. Posta wananiona naingia na kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Kimya chako nimekielewa. Umebeba magunia miaka ishirini na miwili ili mimi nisiyajue, na sasa nayaendea kwa miguu yangu mwenyewe. Naomba unisamehe. Kesho kutwa nasaini na kiwanda. Nimejaribu kuandika barua ya kukubali chuo na mkono umegoma mara tatu.

Ukikasirika, kasirika kwa maandishi, nijue u mzima.

Mpwa wako


Wodini, tarehe 19 Julai

Mpwa wangu,

Usishtuke na neno la juu hapo. Naandika nimekaa, nimekula, na mgonjwa wa kitanda cha pili amenishinda bao mara nne kwa wizi.

Barua zako mbili Kijiko ameniletea pamoja, ya kwanza nilishaisoma. Nikuambie ilivyokuwa, bila kupunguza.

Ile ya tarehe 2 Juni ilinifikia tarehe 14. Niliisoma mara moja tu. Siku ya pili yake nikakaa nikakujibu, kurasa mbili, kalamu ikitoboa karatasi. Nilikuandikia kwamba hapana. Kwamba mtu hasomi mpaka mwisho wa masomo halafu akarudi kwenye gunia. Kwamba magunia ni yangu, wewe uniachie. Niliandika mpaka neno "aibu". Nikaifunga, nikaiweka mfuko wa shati, nikasema nitaituma baada ya kazi.

Saa tatu asubuhi nilikuwa napita kati ya marundo mawili. Vichaga tajiri alikuwa bado anafikiria. Rundo la kushoto lilikuwa la Waziri na, kwa haki kabisa, alilipanga vizuri, mimi mwenyewe nisingelipanga vizuri zaidi. Lilitoa sauti kama mtu anayevuta pumzi, kisha likaja. Kijiko alinivuta mkono, ndiyo maana kichwa kipo. Mguu wa kulia ulibaki chini. Umevunjika mahali pawili, daktari amesema utapona ukiwa na tabia nzuri.

Hapa wodini waliponivua shati, muuguzi alinipa vitu vyangu kwenye mfuko: kisu cha kukatia kamba, kitambaa, na ile barua yangu ya kukukatalia. Nikaisoma kama vile nimeandikiwa mimi. Nimelala hapa, mguu umening'inizwa, nimeangukiwa na magunia yale yale, na mkononi nina barua ninayomkataza mtu pekee ninayemjua anayeweza kuyazuia. Nikasema, kaka wa mama yake, wewe si mzee, wewe ni mjinga. Nikaichana. Muuguzi alinigombeza kwa uchafu.

Nilichelewa kukuandikia tena kwa sababu sikutaka ujue habari za mguu, na sikujua namna ya kusema ndiyo bila kuutaja. Nilijaribu. Kila barua ilianza na "mimi mzima" nikashindwa kuendelea.

Kwa hiyo neno langu, ingawa umeshasaini na hukulihitaji, ni hili: nenda. Umeshaenda, endelea. Watu wa ghala nitawaambia mwenyewe.

Mama yako usimwambie.

Mjomba wako, wa mguu mmoja kwa sasa


Kiwandani, tarehe 11 Agosti

Mjomba,

Shikamoo na pole nyingi sana. Nililia kidogo, kisha nikacheka nilipofika kwenye habari ya muuguzi, kisha nikamwambia mama ndani ya dakika mbili. Amesema ukitoka hapo atakuvunja wa pili. Anakutumia sweta. Bibi anasema goti lake lilijua, ila hakuna aliyeliuliza.

Naandika hii mezani kwangu. Ni meza ya kawaida, ina mguu mmoja mfupi, nimeuwekea tasnifu yangu chini. Imetulia kabisa.

Mwezi wa kwanza nimekosea sana. Gunia la kwanza lilikuwa gumu kuteleza na gumu kubeba, lilichubua mikono ya kila aliyeligusa. Mfumaji wetu mkuu, mama mmoja aliyeko hapa tangu mimi sijazaliwa, aliniambia, "Daktari, gunia lina pande mbili, wa gunia mwenzake na wa mbebaji." Alinionyesha namna ya kupitisha uzi mmoja mnene kila baada ya nyuzi kumi nyembamba. Chuoni hilo lingenichukua miaka miwili na milango mingi ya kugonga.

Meneja alitaka tujaribu hapa uani. Nimekataa. Nimemwambia uani kwetu kunafagiliwa. Mwezi wa kumi yanakuja ghalani kwenu magunia mia mbili. Tafadhali, msiyapanguse.

Mpwa wako


Ghalani, tarehe 24 Oktoba

Kwanini wangu,

Wasalimie wote nyumbani, na sweta lenyewe mwambie mama yako linanibana mikono lakini sivui. Mimi mzima, na safari hii si maneno ya kuanzia barua. Natembelea fimbo. Wamenipa kazi ya kukaa, nashona midomo ya magunia yaliyofumuka, na mgongo umekosa la kulalamikia, umechanganyikiwa. Vichaga vimekuja. Tajiri alimaliza kufikiria siku ile ile niliyobebwa kwenda hospitali.

Magunia yako yalifika Jumatatu. Kijiko alileta ubao bila kuambiwa. Tuliyaburuza sakafuni kwanza, tukayamwagia unga, Waziri akayakanyaga kwa viatu. Shibiri nne na vidole viwili. Nyapara alipima mwenyewe, akapima tena, akasema shibiri zake ni ndogo. Hakuna aliyecheka mpaka alipotoka.

Leo Jumanne wamepanga rundo. Tabaka kumi na mbili, pembe zimenyooka. Chai ilipokuja wakasimama wote wakinitazama. Nikasema, mbona mnanitazama, mimi sikulipanga. Waziri akasema, "Ni la kwenu. Panda." Nyapara akakumbusha kwamba mtu wa fimbo haruhusiwi juu. Kijiko akamuuliza kama amesikia simu yake ikilia ofisini. Akasema ameisikia, akaenda. Simu haikulia.

Wamenitengenezea ngazi ya magunia upande wa ukuta, nikapanda kwa makalio, tabaka baada ya tabaka, kama mtoto.

Kuna mgeni ameanza wiki hii, amekaa hapa kando yangu na kikombe chake. Sasa hivi ameniuliza, "Mzee, wanasema wewe ni Mjomba Chuo. Mpwa wako anafundisha chuo gani?" Mwanzo wa mwaka ningemjibu mpaka chai ikapoa. Nikamwambia, "Hayuko chuoni. Umekalia kazi yake."

Akatazama chini, akatikisa kiuno kidogo kujaribu. Rundo halikusogea.

Karatasi nimeiweka gotini, goti la mguu mzima, na kikombe kiko pembeni yangu juu ya tausi wa bluu. Kimejaa, maana nimekuwa naandika. Nakiangalia tangu niliposema salamu. Hakijamwagika hata tone.

Mjomba wako, huku juu